Tatu ni ya Mwenye Kusimama

Katika miaka minne niliyomfahamu, sikumsikia Kine akituhesabia tatu. Alisema moja, akasema mbili, kisha akasema "bado", na tena "bado", na wewe uko pale katikati ya kukaa na kusimama, magoti yanacheza, jasho linakuingia machoni, unangoja neno ambalo halitoki. Siku ya kwanza nilidhani mama huyu hakumaliza shule. Mimi nimehesabia watu maisha yangu yote. Nimehesabia makuruti uwanjani, moja-mbili, moja-mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuachwa hewani akingoja hesabu yangu iishe. Nikamwambia hivyo mbele ya watu wake.

"Komanda," akanijibu, na tangu siku hiyo hakuniita vingine, "moja na mbili iko ya mimi. Tatu iko ya mutu mwenye kusimama. Ukifika juu, sema weye mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uwanja wake. Mtu alipofika juu, mgongo umenyooka na mikono haijashika kitu, alitamka "tatu" kwa sauti yake mwenyewe. Tulikuwa wazee kumi na kitu, kwa hiyo tatu zilitoka moja moja, huyu mapema, yule baadaye, nyingine ikiwa na kikohozi ndani yake. Aliyepita barabara ya kwenda Mpondwe asubuhi angedhani kuna mnada. Siku hizi hata sokoni Bwera wazee wakikutana huulizana, "Umefika tatu?" Wauza nyanya vijana hucheka bila kujua wanacheka nini.

Jina lake halisi nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Kule Kongo alikosomea, mtu anayefundisha viungo vya mgonjwa kufanya kazi tena huitwa kine, na yeye alivuka daraja la mpakani na jina hilo kama wengine wanavyovuka na vitenge. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya mafundi cherehani, kipande cha ardhi ngumu chenye kivuli cha ukuta hadi saa nne. Vyombo vyake vyote vilikuwa mikeka, mifuko ya chumvi, na mabenchi matano aliyomwagiza seremala ayakate miguu, kila moja fupi kuliko lenzake. Benchi la kwanza lilikuwa refu, mtu akikaa miguu inaning'inia kidogo, na kulitoka ni kama kushuka tu. La tano lilikuwa fupi kama kibao cha kuogea. Baada ya la tano ni mkeka.

Nieleze sasa mimi nilifikaje huko, maana mtu wa cheo changu hafiki mahali kama pale kwa hiari. Jeshi ndilo lililonileta Kasese kutoka Lango, na mke wangu, Mkonzo wa hapa hapa, ndiye aliyenifanya nibaki. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu yeye hakujua lugha yangu na Kikonzo changu kilitosha kuombea chakula tu. Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Kila asubuhi napeleka chai yangu kule nyuma, nakaa, namwambia habari za mtaa. Sioni haya kusema hivyo.

Basi asubuhi moja niliteleza bafuni. Sikuvunjika chochote. Nilikaa kidogo nikicheka, kisha nikajaribu kuinuka, na mwili haukutaka. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto, nikajiamrisha kwa sauti ya uwanjani, wapi. Mimi niliyepanda milima hii na bunduki na begi mgongoni nililala juu ya saruji yenye maji mpaka mama wa maziwa alipokuja, akanishika kwapani, akaniinua kama gunia. Mama yule ana maneno mengi, na kabla ya jioni habari zilikuwa zimemfikia binti yangu Kampala.

"Dadi, mimi sasa hapana weza lala," akaniambia kwenye simu. "Ukianguka tena, nakuja na gari, nakupeleka kwangu. Imeisha hivyo."

Hakuwa ananiuliza. Sauti ile mimi ndiye niliyempa, nilimkuza kambini, na sasa ananiamrisha nayo. Kwake Kampala ni pazuri, kuna ghorofa na televisheni kubwa, lakini hakuna mibuni, na chai yangu ningeipeleka kwa nani. Nililia siku ile, mlango umefungwa. Asubuhi yake jirani yangu, askari polisi mstaafu aliyetoka Buganda, akaja kunitazama. Yeye alikuwa amekwisha kufanya mazoezi kwa Kine mwezi mzima na majivuno yalikuwa yamemjaa. Akanivuta hadi kule uwanjani.

Kine hakuniuliza ninaumwa wapi. Alizitazama ndala zangu, akanong'ona kitu kwa Kifaransa, akanionyesha mkeka.

"Lala pale, Komanda. Nataka kuona namna unatoka chini."

"Mimi askari," nikasema. "Mimi hapana lala chini mbele ya wamama."

"Na ku bafuni, ulilala mbele ya nani?"

Wamama wote wakacheka, na polisi naye akacheka, jambo ambalo sijamsamehe. Nikalala. Sikuweza kutoka, na Kine hakunisaidia. Alikaa kwenye benchi lake refu, akanitazama nikihangaika, kisha akawaita wamama wawili waninyanyue, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bon. Utaanza na benchi ya kwanza. Hapa utafika siku moja." Nilimchukia juma zima. Lakini nilirudi, maana kila nilipopita bafuni niliiona ile saruji.

Nitasema juu ya chumvi, kwa sababu watu wakimkumbuka huanza na chumvi. Kila mmoja wetu alikuwa na mifuko miwili, ya kufunga kwenye vifundo vya miguu na kuinua kwa mikono. Mfuko ulishonwa kwa nguo ya mwenyewe. Mimi nilipeleka kitenge cha marehemu mke wangu, na Kine alikishika muda mrefu kabla ya kumpa fundi. Ndani aliweka chumvi ya mawe kutoka Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, ambako mdogo wake ana kibanda cha kuiuza. Ulianza na kiganja kimoja, na kila ulipozoea akakuongezea kiganja. Msimu wa mvua mifuko ile ilitoa maji na kutuacha na michirizi myeupe miguuni, tukaonekana sote tumetoka ziwani.

"Chumvi iko ya mukono," alituambia kila Jumatatu, maana wengi wetu tuna presha. "Haiko ya kinywa."

Sasa polisi. Mwezi wangu wa tatu pale, polisi alianza kuinua mfuko wake kwa vidole viwili. Alizunguka nao uwanjani. Alinishauri mimi, afande wake kwa umri na kwa kila kitu, nijitahidi zaidi. Kine akamwongezea kiganja, baada ya juma mfuko ukawa mwepesi tena, akamwongezea kingine. Polisi akatangaza kwamba ujana umemrudia na anafikiria kununua baiskeli.

Lazima mjue kwamba polisi alikuwa ameoa mke wa pili, mdogo, na mama wa mke huyo, bibi mmoja wa kule Munkunyu, naye alikuja kwa Kine kwa ajili ya nyonga. Mkwe na mama mkwe walikuwa wa umri mmoja. Lakini kwao Buganda mwanaume hatazamani na mama mkwe wake wala hawagusani, na polisi alisema hawezi kuinua miguu hewani mbele ya yule mama. Mtu mwingine angewapa siku tofauti. Kine alitundika shuka la maua kwenye kamba katikati ya uwanja, huku polisi, kule mama mkwe, na yeye akasimama mwishoni mwa shuka akihesabia pande zote mbili. Shuka lile lilikaa pale mwaka mzima.

Basi siku polisi alipotangaza habari ya baiskeli, sauti ikatoka nyuma ya shuka, taratibu, ikielekezwa kwa Kine kwa sababu haikuweza kuelekezwa kwa mkwe.

"Kine, mwambie yule mtu aulize bibi yake anapikia na chumvi gani."

Kine akauchukua mfuko wa polisi, akaupima kwa mkono, akaufungua. Kulikuwa na kiganja kimoja na nusu. Binti wa watu, kila alipopika maharage, alichota mle, kwa kuwa mfuko ulikaa jikoni na alidhani ni wa nyumba. Polisi alikuwa ameinua hewa na kula mazoezi yake, na presha yake, ilipopimwa, ilikuwa imepanda kuliko siku aliyoanza. Mimi nilicheka mpaka nikashika benchi. Kine hakucheka. Alimwita polisi kando, akamjazia mfuko upya, akaushona mdomo kwa uzi mnene, akamwambia, "Sasa tunaanza. Hauko muzee wa kwanza kujidanganya." Polisi alirudi benchi la pili bila neno, na nikamheshimu kwa hilo.

Ungedhani mwalimu wa namna hiyo anaishi anavyofundisha. Kine alipenda samaki wa chumvi wa Kahendero kuliko kitu chochote, aliwala mchana kweupe, nyuma ya mafundi, amegeuka upande akidhani hatumwoni. Alitukataza boda kwa safari fupi, na yeye kutoka uwanjani hadi sokoni, mwendo ambao ungeutupia jiwe, alipanda boda, amekaa kiupandeupande na mkoba wake mapajani. Hakupenda kushukuriwa. Mtu akimletea ndizi na maneno matamu, alichukua ndizi na kuyakata maneno. Aliwatukana wanaume waliokuja na wake zao wawabebee mkeka. Na katika miaka ile yote, hilo nililiona kwa jicho la kiaskari lakini sikulifikiria, hakuna aliyewahi kumwona akikaa chini. Alisimama, au alikaa kwenye benchi refu.

Kutoka chini, kama alivyotufundisha, hakuna nguvu ndani yake. Kuna utaratibu. Unageuka ubavu kwanza. Unapumzika, usione haya. Unaweka kiganja, unasukuma hadi uko kwa mikono na magoti. Unatambaa hadi kwenye kitu, kiti au kitanda au ukuta. Unaleta mguu wenye nguvu mbele, unakanyaga, ndipo unapanda. Mzee mzima kutambaa mbele ya watu ni jambo gumu kuliko unavyofikiri. Wamama waliona haya, wakivuta magauni yao ya gomesi, lakini sisi wanaume ndio tuliokwama.

"Mutoto wa mwaka moja iko na akili kushinda nyinyi," alisema Kine. "Yeye anatambaa juu ya kwenda mahali. Nyinyi munataka kuruka."

Ilinichukua miezi saba kufika mkeka, na mwezi mwingine kuutoka. Siku niliyoutoka nilisema tatu kwa sauti iliyomtoa fundi cherehani nje na suruali ya mtu mkononi. Nilifurahi namna ambayo sikufurahi nilipopata cheo.

Na furaha hiyo ndiyo karibu initoe nyumbani kwangu. Majuma machache baadaye nilijikwaa kwenye mzizi nikiwa nyuma ya nyumba, nikaanguka katikati ya mibuni, chai kule na mimi huku. Nikalala. Nikapumzika. Nikageuka ubavu, nikaweka viganja, nikatambaa hadi kwenye mbuni mnene, nikaleta mguu wa kushoto, nikapanda. "Tatu," nikamwambia mke wangu pale alipolala. Na kwa furaha ile ile, nikiwa bado na udongo magotini, nikampigia simu binti yangu kumpa habari njema.

"Umeanguka," akasema.

"Nikasimama. Peke yangu. Sikia vizuri, nikasimama."

"Umeanguka, Dadi. Nakuja kesho."

Akaja, viti vya nyuma vya gari vimelazwa kuacha nafasi ya vitu vyangu. Nilipomsikia akizima injini nilikuwa nimekwisha kumpigia Kine, na boda ikamleta mlangoni kabla binti hajamaliza kunisalimia. Kine hakubishana na mtu. Alisogeza kiti kimoja katikati ya sebule, akanionyesha sakafu.

"Komanda, lala."

Nikalala juu ya saruji, binti yangu akinitazama kwa macho ya mama yake. Kine akasema moja. Nikageuka. Akasema mbili. Nikafika magotini, nikatambaa, nikashika kiti, na goti la kushoto likateleza. Nikarudi chini kwa kishindo. Binti akaruka kunishika, na Kine akamkamata kifundo cha mkono.

"Acha, mama. Ukimuinua leo, utamuinua kila siku."

"Ni baba yangu."

"Iko baba yako. Juu ya ile, muache."

Sijui nililala pale muda gani. Nakumbuka nyufa za sakafu ile, na jinsi nilivyoogopa. Nilijua kabisa kwamba chai ya kesho itanywewa Kampala au itanywewa nyuma ya nyumba, na inategemea goti moja. "Bado," alisema Kine juu yangu, bila haraka. Nikageuka tena. "Bado." Viganja. "Bado." Nikashika kiti, nikaleta mguu wa kulia safari hii, ule ambao siuamini, nikapanda. Nilipofika juu sauti yangu haikutoka vizuri, lakini tatu niliisema, na binti yangu akanikumbatia akalia shingoni mwangu kama siku nilizokuwa nikirudi kutoka operesheni. Kesho yake aliondoka na mkungu wa ndizi pale ambapo ningekaa mimi. Kine alikuwa amekwisha kwenda. Hakungoja hata chai.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya kahawa, alituambia anaenda Kabatoro kwa mdogo wake, juma moja tu. Likapita juma, ukapita mwezi. Uwanja niliushika mimi, nikihesabu moja, mbili, bado, na polisi akinikosoa. Mifuko ilipoanza kupungua kwa unyevu nikasema nitakwenda Kabatoro mwenyewe kununua chumvi, na wote walijua siendei chumvi.

Mdogo wake akanipeleka nyuma ya kibanda. Nilimwona Kine kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye benchi refu, miguu inaning'inia kidogo, na mito miwili mgongoni. Benchi la wanaoanza. Nikaelewa mara moja kwa nini hatukuwahi kumwona akikaa chini.

"Komanda," akasema. "Nani anahesabu?"

"Mimi. Wewe narudi lini?"

"Sirudi. Batoto yangu beko nakuja juma hii, banipeleke Beni, ku Kongo." Alitazama mikono yake. "Nilianguka hapa ku mulango. Banaume wawili bakaniinua."

Kisha akanieleza, kwa maneno machache. Zamani, kabla ya Bwera, alianguka kutoka kwenye lori kule barabara ya Kasindi, na nyonga yake ikaunga vibaya. Tangu siku ile hakushuka chini. Alijua utaratibu wote, aliufundisha kwa mamia ya watu, na yeye mwenyewe aliogopa sakafu kuliko sisi sote.

"Kwa nini hukujaribu?" nikamuuliza. "Wewe ndiye kine."

"Na mimi, nani angenihesabia?"

Wazee wote wale aliowahesabia, miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama yeye anafika tatu. Niliona aibu, kisha nikakasirika, na hasira yangu hujua njia moja tu. Nikaukunjua mkeka uliokuwa ukutani, nikavua viatu, nikalala chini na suruali yangu ya pasi.

"Shuka hapa," nikasema kwa sauti ya uwanjani.

"Komanda, nyonga yangu..."

"Ku mlango ulilala mbele ya nani?"

Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akapangusa macho. Kisha akateremka. Alishuka kwa kibao, kwa ndoo iliyogeuzwa, kwa mkono wangu, akitukana kwa Kifaransa, na ilichukua muda mrefu sana. Alipolala chini uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Wakati huo mdogo wake akaingia na soda mbili, akaziweka pale alipofika, akaja mbio na mikono mbele.

"Usimguse," nikasema.

"Acha," akasema Kine, shavu kwenye mkeka.

Nikahesabu. Moja, akageuka ubavu. Mbili, viganja. Bado. Alitambaa hadi kwenye benchi lake refu, akajaribu, akarudi. Bado. Akajaribu tena, akarudi tena, na safari hiyo alilia kidogo na mimi nikajifanya sikuona. Bado, nikasema, bado, bila haraka, kama yeye. Mara ya tatu mguu ulikanyaga, mkono ukasukuma, na Kine akapanda polepole mbele ya macho yetu hadi akasimama, mkono mmoja ukutani, kisha hata huo akauondoa.

Hakusema kitu. Ningeweza kumsemea, neno lilikuwa limejaa mdomoni, lakini halikuwa langu. Mdogo wake akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Tatu," akasema Kine.

Kisha akaomba simu yake. Alitaka kuongea na watoto kabla hawajaanza safari.

"Usianze na habari ya kuanguka," nikamwonya. "Mimi najua."

"Nimesikia." Akashika simu, asipige. Alikuwa akinitazama kutoka juu, na mara nikatambua kwamba katika furaha ile yote mimi nilikuwa bado sakafuni, magoti yangu yamekufa ganzi kwa kukaa, na benchi liko upande wake.

Mdogo wake akanyoosha mkono. Kine akaurudisha.

"Bon, Komanda," akasema. "Moja."